Kangaja Aliyebaki

Lushoto, njia ya Irente
2 Juni 2024

Shemeji Hashimu,

Salamu nyingi. Mimi ni Yusta, mke wa Rubeni fundi vioo. Hatujawahi kuonana, lakini mwandiko wako naujua. Kila boksi la samaki hai ulilomtumia Rubeni kwa basi lilikuja na barua yako ndani ya mfuko wa plastiki, naye alikuwa akiisoma mezani kabla hata ya kuvua koti. Aliniambia kuzamia kulikuua masikio, ndiyo maana simu haikufai, na kwamba nyie wawili mmeandikiana miaka kumi na moja.

Dotto, kondakta wa basi, ameniambia kwamba yeye ndiye aliyekufikishia habari. Rubeni alifariki Jumanne tarehe 23 Aprili. Alianza kuumwa Jumamosi jioni. Hospitali walisema ni kichomi, na kwa umri wake na baridi yetu hii sikuona la kuuliza.

Naandika kuhusu tangi lake la samaki. Unajua lilivyo, futi tisa, limemeza ukuta mzima wa sebule. Lilikuwa la mwenye nyumba moja ya wageni hapa Lushoto, naye aliporudi kwao alimwachia Rubeni kwa sababu Rubeni ndiye aliyekuwa akiziba nyufa zake. Siku za msiba umeme ulikatika siku mbili, na hakuna aliyekumbuka kuwasha betri. Watu walikaa wakiimba huku samaki wanakufa nyuma yao. Alibaki mmoja, yule kangaja wa bluu mwenye mgongo wa njano. Rubeni alimwita Mchungaji, kwa ile shingo nyeupe kama kola ya mchungaji wetu.

Katika daftari lake ukurasa wa mwisho ameandika hivi: "Kangaja wanne. Mwulize H. nani akae na nani." Basi nakuuliza. Binti yetu Yudith, yuko Arusha, anasema niuze tangi nipumzike. Lakini tarehe 31 Agosti tutakuwa na ibada ya kumbukumbu hapa nyumbani, na ningependa siku hiyo tangi liwe kama alivyolitaka. Mimi darasa langu ni la saba, nieleze taratibu.

Ninaishi na wifi yangu Sesilia, dada yake Rubeni, aliyerudi kutoka Rangwi baada ya kufiwa na mumewe. Alinisikia nikisema nitaagiza kangaja Tanga, akasema, "Wifi, unaagiza machenza ya Tanga na sisi mapichi yanatuozea?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Wako,
Yusta


Tanga
7 Juni 2024

Kwako shemeji yangu mpendwa Yusta,

Baada ya salamu na kukujulia hali, nakupa pole ambayo nimeshindwa kuiandika wiki sita. Salamu kwa wifi yako Sesilia, mwambie kangaja wa kwetu hawamenywi, wana wembe mkiani na watamenya wao. Salamu kwa majirani, salamu kwa paka kama yupo, na salamu kwa Mchungaji mwenyewe. Mimi na binti yangu Salama tu wazima, alhamdulillahi.

Shemeji, huyo Mchungaji nilimvua mwenyewe. Ni mzuri na ni mbaya. Kila kangaja ana kijiwembe kila upande wa shina la mkia. Akitulia amekilaza, akikasirika anakitoa. Kangaja wa bluu hukasirika upesi kuliko wote, na akishakaa peke yake mahali kwa miezi, kila jiwe ni lake.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Usimwekee mwenzake wa bluu, watauana. Usimwekee mwenye umbo kama lake. Kangaja hupigana zaidi na anayefanana naye. Mwekee wa umbo jingine na wa chakula kingine. Nimekuchagulia watatu. Wa kwanza mweupe mwenye mistari myeusi, mpole kupita wote. Wa pili ana mapezi mapana, akiyakunjua ni kama pazia, mimi humwita hivyo, Pazia. Wa tatu ni mdogo wa kahawia, meno yake ni kama kichana, hula vumbi la kijani juu ya mawe wala hagombei kitu. Hao na Mchungaji ni wanne, kama alivyoandika marehemu. Puju, yule kangaja mwenye pembe usoni, usimtake hata ukiipenda pembe yake. Hukua kama mkono wa mtu, na futi tisa kwake ni chumba cha mahabusu.

Mpole aingie kwanza, mkali aingie mwisho. Na mawe yapangwe upya, ili Mchungaji asione nyumba yake ya zamani. Akiona ugeni naye huwa mgeni.

Nitawatuma kwa basi la Jumatano. Maji ya bahari mapipa mawili yatafuata. Sitaki chochote kwako.

Shemeji yako,
Hashimu


Lushoto
18 Juni 2024

Shemeji Hashimu,

Idi njema kwako na kwa Salama. Samaki walifika salama, Dotto aliwabeba mwenyewe mpaka mlangoni.

Nina habari mbaya, na kosa ni langu. Ulisema mpole aingie kwanza. Nikamtia yule wa mistari. Sikufikiri kwamba mkali alikuwa tayari yumo ndani. Mchungaji alimzunguka mara mbili, polepole, kama mtu anayekagua shamba. Kisha akageuza mkia. Asubuhi mwenzetu wa mistari alikuwa chini, ubavu umechanwa mistari mingine isiyo yake. Sesilia alisema, "Mchungaji gani huyu anachinja wageni?" Sikucheka.

Pazia na Kichana nimewaacha kwenye pipa, na pampu ya hewa na hita. Pazia akigeuka anagusa pande zote. Hawawezi kukaa humo muda mrefu, kwa hiyo nimeamua sasa kufuata maneno yako yote na kuyapanga upya mawe.

Hayo mawe ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua Rubeni mwishoni. Yale uliyomtumia Januari yalikuja na vidude vya kijani, duara, kama vifungo vya shati. Mwanzo alivipenda. Alinivuta mkono nije nione vinavyofunguka taa ikiwaka. Kufikia Aprili vilikuwa vimefunika karibu kila kitu. Jumamosi ile ya tarehe 20 akasema leo anavitoa, lakini havikwanguki.

Mimi nikamwambia, "Si uyachemshe?" Unajua nimefanya kazi ya jamu miaka ishirini na miwili. Chupa isiyochemshwa huharibu kazi ya wiki nzima. Kwetu kitu ambacho hakijapita kwenye maji yanayochemka bado ni kichafu. Akasema, "Bosi amesema." Aliniita bosi tangu siku ile alipokuja kiwandani kuweka kioo cha dirisha akanikuta natoa amri.

Nilikwenda sokoni. Mvua ilinyesha ya kukata na shoka, nikachelewa. Niliporudi mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, ukungu usiingie, naye yuko ndani na mawe mawili kwenye sufuria yangu kubwa ya jamu, anayakoroga kwa mwiko kama anapika. Mvuke umejaa mpaka sikumwona vizuri. Alikuwa anaimba. Huo ndio wimbo wake wa mwisho niliousikia, nakuandikia ili uujue na wewe, ilikuwa sauti ya pili ya wimbo wa mavuno, yeye daima aliimba sauti ya pili hata akiwa peke yake.

Jioni akasema chai ina ladha ya sarafu. Nilibadilisha majani, akasema bado. Usiku akatetemeka. Mimi nami nilikohoa wiki nzima baada ya mazishi, nilidhani ni kilio.

Basi nimepanga hivi. Jumamosi ya tarehe 29 nitayatoa mawe yote kumi na saba. Nitayachemsha yote siku moja, sufuria tatu, vifungo vife. Sesilia atachochea moto. Jikoni ni padogo lakini baridi ya sasa hairuhusu kupikia nje. Jumapili yakipoa nitayapanga upya, nimalize alichoanza.

Wako,
Yusta


Tanga
20 Juni 2024

Shemeji,

Usiyachemshe mawe. Jiwe la bahari lina vijidudu vizuri ndani yake vinavyosafisha maji, ukilichemsha vinakufa na maji yataoza. Mchungaji atakufa. Yaache kama yalivyo, yageuze tu upande, usiyatoe majini.

Nijibu kwamba umeelewa.

Hashimu


Lushoto
23 Juni 2024

Shemeji Hashimu,

Nimeisoma barua yako mara nne, si kwa ugumu, ni fupi.

Sesilia aliichukua akaigeuza nyuma kutafuta salamu. "Hata mimi hanijui leo?" akasema. "Au ameoa tena huko Tanga, mke mpya amemkataza?" Nikamwambia huenda alikuwa na haraka. Lakini tangu hapo nimekaa na jambo hili moyoni.

Barua zako zote nimezitoa kwenye bati la biskuti na kuzisoma. Ziko sitini na tatu. Hata ile uliyoandika mwaka uliofiwa na mkeo ilianza kwa kutusalimu sote, na ukauliza kama mbuzi wa jirani amezaa. Hujawahi kuandika mstari wa kwanza bila salamu. Mtu wa kwenu haingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na wewe umeingia moja kwa moja mpaka jikoni.

Mimi nimewahi kuficha jambo. Mdogo wangu alipofia Vuga, nilikaa na mama siku mbili bila kumwambia, kwa sababu alikuwa na presha. Siku hizo mbili nilikuwa nasema maneno machache na kuyasema haraka, na nilisahau kumwamkia shikamoo asubuhi, ndipo akajua. Aliniuliza, "Nani amekufa?"

Kwa hiyo nakuuliza na wewe. Sababu uliyonipa haitoshi. Rubeni alichemsha mawili akayarudisha, na maji hayakuoza wala Mchungaji hakufa. Ukisema ni vijidudu tu, basi nitachemsha nusu na kuacha nusu. Pazia ameanza kusugua ubavu kwenye pipa, ana alama. Siwezi kungoja.

Kama kuna kitu unakijua kuhusu mawe haya, kiandike. Nisipopata neno la kweli kutoka kwako kufikia Ijumaa, Jumamosi saa tatu asubuhi sufuria zitakuwa motoni, mimi na Sesilia tutakuwa ndani na mlango umefungwa.

Sisemi kwa kukutisha. Nakuambia ratiba yangu tu.

Yusta


Tanga
25 Juni 2024

Kwako shemeji yangu Yusta, na kwako dada Sesilia,

Nawasalimu nyote wawili, na ninaomba radhi kwa salamu niliyoiacha. Salama amepiga simu ya marehemu mara sita tangu jana. Haipatikani. Najua umeizima na sikulaumu, lakini hatuna namba nyingine. Barua hii nimempa Dotto mkononi, nimemwapisha asimpe mtu mwingine yeyote ila wewe. Daktari amenikataza kupanda milima kwa ajili ya masikio. Dotto akirudi na barua hii mkononi nitapanda hata hivyo.

Shemeji, usiyachemshe. Vile vifungo vina sumu.

Sumu yake haifi kwa moto kama vijidudu vya kwenye chupa. Jiwe likiwa majini limetulia, halimdhuru mtu. Ukilikwangua, ukilisugua kwa brashi likarukia machoni au kwenye kidonda, linadhuru. Ukilichemsha, mvuke unaibeba, na anayeuvuta mvuke ule katika chumba kilichofungwa anaivuta mpaka kifuani. Kwanza chakula kina ladha ya sarafu. Kisha homa na kutetemeka. Kisha kifua. Wengine hupona. Mtu mzima mwenye mapafu ya kufanya kazi na vioo miaka arobaini anaweza asipone.

Najua kwa sababu nilikwisha kuona. Mwaka 1998 tulikuwa wazamiaji wanne, na mmoja wetu alichemsha tumbawe la kuuzia watalii ili lisinuke. Nyumba nzima ililala kwa homa. Hakufa mtu, tukacheka baadaye, tukaiita homa ya sarafu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mengine nimesoma na kusikia kwa wenye matangi. Mimi si daktari, na siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichomwua Rubeni. Lakini uliponiandikia habari ya chai niliweka barua chini nikatoka nje.

Mawe yale yalitoka kwangu. Niliviona vifungo, nikaviona vinapendeza, nikasema nitamfurahisha rafiki yangu. Nilijua vina sumu na sikuandika hata mstari. Nilijaza ukurasa kwa salamu na mzaha na sikuweka mstari huo mmoja. Kosa hili ni langu peke yangu. Hakuna mtu mwingine katika jambo hili. Narudia, shemeji, hakuna mtu mwingine.

Sasa fanyeni hivi. Milango na madirisha wazi. Vaeni glavu ndefu za mpira na miwani, hata ya jua. Jiwe lenye vifungo litoke likiwa limelowa, liingie moja kwa moja kwenye ndoo yenye maji ya bahari, mfuniko juu. Msikwangue, msisugue, msilianike likauka. Ndoo zote Dotto atanishushia mimi. Ile sufuria isipikiwe tena. Nawaletea mawe makavu masafi ya kupanga upya, yatakuja Alhamisi.

Mchungaji mwekeni kwenye pipa. Pazia na Kichana waingie tangini pamoja, siku hiyohiyo, wakae siku tano waizoee nyumba. Kisha yeye arudi mwisho.

Nimeandika haya ya samaki kwa sababu haya ndiyo ninayoyaweza.

Hashimu


Tanga
3 Julai 2024

Kwako shemeji Yusta,

Salamu kwako, salamu kwa wifi yako Sesilia.

Dotto anasema alikukabidhi barua Jumatano mlangoni. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukafunga mlango, hukumwambia kwaheri. Alhamisi alipoleta mawe alimkuta wifi yako, hakukuona wewe. Tangu hapo hapana neno.

Jumamosi imepita. Siku hiyo saa tatu nilikaa kwenye ngazi ya nyumba. Sisikii kitu siku zote, lakini siku ile ukimya ulikuwa mwingine. Salama ananiandikia kwenye kikaratasi, "Baba, kula." Sijui kama uliniamini. Sijui kama uliniamini mno.

Niandikie neno moja. Hata tusi.

Hashimu


Lushoto
6 Julai 2024

Shemeji Hashimu,

Tuko hai sote wawili. Samahani kwa kukuweka ukingoja. Nilikuwa na kalamu mkononi kila siku ila mstari wa kwanza haukuja.

Hatukuchemsha kitu. Jumamosi saa tatu tulifungua milango yote, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, tukavaa glavu za kuogeshea ng'ombe alizoziazima Sesilia kwa jirani, na yeye akavaa miwani ya jua ya Yudith. Alisema, "Wifi, wakituona watasema tunaiba maiti." Tulitoa mawe kumi na mawili, matano hayakuwa na vifungo tukayaacha. Ndoo sita, mifuniko tumeifunga kwa kamba. Dotto atazileta kwako Jumatatu. Sufuria ya jamu nimeizika nyuma ya choo cha zamani, kina cha mkono mzima.

Sesilia nilimwambia kwamba mawe yana sumu, tusiyachezee. Hakuuliza zaidi. Yeye si mtu wa kuulizauliza.

Sasa niandike lile lingine.

Uliandika kwamba hakuna mtu mwingine katika jambo hili. Uliandika mara mbili. Mara ya kwanza ningeamini. Ulikuwa na barua yangu mbele yako, nimekuandikia kwa mkono wangu, "Mimi nikamwambia, si uyachemshe." Uliisoma, na ulipojibu ukaliruka hilo. Nilitafuta neno hilo kwenye barua yako ukurasa wa kwanza na wa pili, na halimo, na hapo ndipo nilipojua kwamba nawe umeliona.

Ni kweli hukutuonya. Lakini nani angetuonya? Watu wa bahari hawachemshi jiwe la tangi, hawana sababu. Ni mtu wa jamu anayefanya hivyo. Ungetafuta dunia nzima mtu wa kumwambia Rubeni achemshe mawe ya bahari ndani ya jiko lililofungwa, ungenipata mimi tu.

Na kuna jambo sikukuandikia mwanzo, kwa sababu sikujua kwamba ni jambo. Niliporudi kutoka sokoni na kumkuta jikoni, aliacha kuimba akasema anajisikia baridi, atoke akalale. Nikamwambia chumbani kuna baridi zaidi, kaa hapa penye joto. Nikamvutia kigoda karibu na moto, nikamfunika kanga yangu mabegani. Akakaa. Mawe yalikuwa bado yanachemka. Nilimkalisha pale karibu saa nzima, na mimi kando yake namenya viazi, na tukazungumza. Tulizungumza nini? Alisema kioo cha dirisha la sakristia kanisani kina ufa na watu hawauoni mpaka jua la saa kumi. Nilifurahi siku ile kwamba kwa mara moja amenisikiliza akatulia.

Alitaka kutoka, shemeji. Hilo ndilo nililokaa nalo siku kumi.

Sikuandikii ili uniambie si kosa langu. Najua utaniambia, na utaweka salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu wewe peke yako unajua nusu, na nusu nyingine nilikuwa nayo mimi. Sesilia yuko mbele yangu sasa hivi, anamenya viazi. Ni kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Kila akiinua uso nadhani amejua, na kila akiinamisha nadhani anajua zaidi. Kabla ya ibada nitamwambia, yeye na Yudith. Sijui watakaa nami tena au la. Mtu akishajua aliye naye ndani, nyumba si ileile. Kama wataondoka sitawafuata njiani.

Samaki. Pazia na Kichana waliingia pamoja Jumamosi alasiri. Kichana alianza kazi saa ileile, anachana kioo kana kwamba ameajiriwa. Pazia alijificha mpaka Jumatatu, sasa amekunjua mapezi na alama ya ubavuni imepungua. Mchungaji nimemrudisha jana, ndiyo siku ya sita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ilipokuwa nyumba yake. Hakukuta kitu. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akamwendea Pazia, akageuza mkia, nikaona wembe umetoka, mweupe, mdogo kama ukucha wa mtoto. Niliweka mkono kwenye kioo. Pazia alijipanua mpaka akawa mkubwa kuliko yeye. Wakakaa hivyo. Kisha Mchungaji akaenda zake. Asubuhi hii amefanya tena, mara mbili. Sijaona damu. Huenda kesho nikaona.

Wa nne, wa kushika nafasi ya yule wa mistari, usimlete kwanza. Tuone hawa.

Ibada ni tarehe 31 Agosti, saa nne asubuhi. Usipande, masikio yako yasiharibike kwa ajili yetu. Lakini saa hiyo, popote utakapokuwa umekaa, mtaje Rubeni. Na ukimaliza kumtaja yeye, nikumbuke na mimi.

Yusta